Mkate wa Kwenye Picha

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa, na shemeji amepunguza kukoroma walau kidogo. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo majirani wameichosha.

Barua yako nimeipata. Asante kwa kunipakia chumba rangi. Ni kweli tulikubaliana kwamba tangu mwenzangu afariki si vizuri niishi peke yangu, na kwamba mwisho wa mwezi nitafunga mizigo nije kwako. Lakini huo upweke wangu ungeuona, ungecheka.

Kila Jumamosi muuguzi mstaafu na fundi cherehani, majirani zangu, huja kwangu kuoka mikate na kujifunza historia ya sanaa. Tuna kitabu kikubwa cha michoro ya kale, kurasa zimejaa siagi. Sheria aliitunga muuguzi: mkate ukishaingia kwenye oveni tunafungua picha moja, na hakuna kugusa oveni mpaka wote watatu tukubaliane juu yake. Kukubaliana, dada, na watu hawa. Kwa muuguzi kila aliyechorwa ni mgonjwa. Mfalme mzima na taji lake alisema ana upungufu wa damu. Fundi naye haangalii sura, anaangalia pindo. Nikiwaomba tusome kwanza maelezo, wananiambia nisiwaletee mambo ya shule.

Jumamosi iliyopita nilipanga kuwaaga. Nikachagua picha isiyo na mtu wala nguo, wakose la kubishia nami nipate nafasi ya kusema. Meza, jagi na mkate, basi. Kumbe nilijidanganya. Muuguzi akasema ule mkate ni mbichi, haujaona moto. Fundi akaapa umeiva, tena tangu jana yake. Wakavaa miwani, wakaleta taa. Na mimi niliyetaka kuwaaga nikajikuta nabisha kuwashinda wote, napiga meza, kwamba umeiva upande mmoja. Tukaung'ang'ania mkate wa kwenye picha mpaka wa kwangu ukawa mkaa. Moshi umetanda, tunakohoa, na fundi amesimama dirishani anataka tukiri kwanza kwamba ameshinda ndipo afungue.

Tuliukwangua kwa kisu tukaula na chai. Ulikuwa mchungu. Wakati wa kuondoka muuguzi akauliza Jumamosi ijayo ni picha gani. Maneno ya kuaga nilikuwa nayo mdomoni. Nikajisikia nasema ni hiyohiyo, hatujaimaliza.

Dada, siji. Najua utakasirika, na una haki. Watu hawa wananikera mpaka kichwa kinauma. Lakini tangu msiba, Jumamosi ndiyo siku pekee ninayoamka bila kulia, na hilo sikuwahi kukwambia kwa sababu ulishanunua rangi.

Chumba mpe mjukuu wako mkubwa. Msalimie shemeji, na watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Kuja kukutembelea nitakuja, ila si Jumamosi.

Mdogo wako mtiifu asiyetii,
Kitindamimba