Jina Nililoliruka

Kiembe Samaki, 8 Machi 1957

Ndugu yangu Doto,

Salamu nyingi. Je, hujambo wewe na wanao? Magoti yameacha kukusumbua? Mimi kifua bado. Daktari alinisikiliza mgongoni, akakunja vyombo vyake, akaniambia nile ninachokipenda, nami nikamfahamu.

Juzi Kwaresima ilianza. Padri aliniletea majivu kitandani, maana siwezi tena kutembea mpaka kanisani. Aliponipaka kipajini nilikukumbuka wewe, pacha wangu. Ni miaka thelathini na sita tangu ututoke. Kama kuna neno nililokukosea siku zile, kwa ujana na kwa bidii ya dini, naomba unisamehe, nipate kuila Pasaka hii kwa moyo mweupe. Sidhani nitaiona nyingine.

Kaka yako,
Kurwa

Matemwe, 14 Machi 1957

Kaka Kurwa, shikamoo.

Barua imefika kwa mkono wa Muhiddin dereva. Sisi wazima. Magoti yanauma, ulimi haujambo, kama utakavyoona. Kifua chako kimenitia simanzi, nakuombea.

Barua yako nzuri, nukta na mkato kila kimoja pahala pake. Nimeisoma mara mbili nikilitafuta kosa lako, sikuliona. "Kama kuna neno!" Mtu akinijia na "kama nimekuibia kuku," nitamwuliza: umeiba au hukuiba? Na ujana gani huo? Tulikuwa na miaka thelathini na miwili, mimi nshazika mume.

Hii insha, mwalimu. Kaiandike upya.

Mdogo wako,
Doto

Kiembe Samaki, 20 Machi 1957

Mdogo wangu Doto,

Marahaba. Hali yangu ni ileile, chakula hakipiti. Wape salamu wote hapo.

Umenicheka, na ni haki yako. Siku nne nimekaa na kalamu. Sasa nasema.

Kwaresima ya mwaka 1921 mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kanisa letu, na desturi ilikuwa mwalimu asimame mbele ya watu asome majina ya watakaopokea Komunio siku ya Pasaka. Jirani yako Bi Wanu, Mwislamu, alifiwa na mama yake. Ukaenda kupika kwenye matanga, ukashinda siku tatu, umejitanda kanga kama wenzio. Watu wakavumisha kwamba umesilimu kwa siri. Ukanijia ukaniambia, "Nimepika wali tu, Kurwa. Waambie." Nikasema nitawaambia.

Siku ilipofika, jina lako nililiruka. Mzee mmoja akauliza, "Na Doto je?" Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Nilikuwa naujua ukweli wote. Lakini mwaka ule nilitazamiwa kufanywa shemasi, nikaona nikikutetea watasema ninampendelea ndugu yangu. Ukainuka ukatoka, nami nikaendelea kusoma. Baadaye wakanisifu: "Mwalimu huyu hamwonei haya hata pacha wake." Sifa ile niliila kama halua. Ushemasi wenyewe sikuupata.

Haukuwa ujana wala bidii ya dini.

Kaka yako,
Kurwa

Matemwe, 4 Aprili 1957

Kaka, shikamoo. Unaendeleaje na kifua?

Usidhani nimechelewa kwa hasira. Nililia kwanza, halafu mwezi ukaandama, na futari ya nyumba hii naipika mie. Basi mwaka huu tumefunga sote wawili, wewe kwako, mimi kwangu.

Ukweli wako nimeupokea. Wala usijitese kwa Uislamu wangu. Nilisilimu miaka miwili baadaye, kwa hiari yangu, na Simai aliyenioa baadaye, Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema. Sina ninalojutia hapo. Kilichoniuma ni kile kimya chako.

Lakini barua hii naisoma peke yangu jikoni, na wewe ulinyamaza mbele ya watu. Mpaka leo wanasema Doto alikuwa akipokea Komunio naye keshasilimu. Blandina, niliyecheza naye utotoni, hajaniitikia salamu tangu siku ile. Waambie wao. Ukishindwa sitakuchukia, ila usiniandikie tena habari ya msamaha.

Mdogo wako,
Doto

Kiembe Samaki, 15 Aprili 1957

Doto wangu,

Natumai funga haikuchoshi. Mwandiko uniwie radhi, naandika nimelala.

Jana, Jumapili ya Matawi, nilibebwa kwenye kiti mpaka kanisani. Padri akaniruhusu kusema. Nikasema: "Doto hakudanganya, mwaka ule alikuwa hajasilimu. Nilijua, nikanyamaza ili nisifiwe." Blandina akainuka. "Mwalimu, miaka yote hii nimemnunia mwenzangu bure?" Nikamjibu, naam. Akatoka nje.

Ibada ilipokwisha wakanizunguka: "Unyenyekevu gani huu, mwalimu! Wangapi wangeweza?" Na mimi, Doto, nikaona tamu. Tamu ileile. Nilikaa kitini nikazipokea sifa moja moja, nisitake wanyamaze. Nilidhani nikishasema nitakuwa mtu mwingine, kumbe ni mimi yuleyule. Sijui nilifanye nini hilo. Sina wa kumwambia ila wewe.

Kaka yako,
Kurwa

Matemwe, 18 Aprili 1957

Kaka Kurwa, shikamoo.

Jana Blandina alishuka garini hapa kwetu, mguu umemvimba. Nikamwekea maji, akakataa, ati hawezi kunywa mbele yangu nami nimefunga. Nikamwambia, "Kunywa wee, usije ukanifia barazani wakasema nimekuua!" Tukacheka mpaka tukalia. Anasema ulipokuwa ukisema, uso ulikuwa kama wa mtoto aliyekojoa kitandani.

Hilo la kuona tamu ndilo lililonifanya niyaamini yote. Anayetaka kujipamba halisemi. Mimi pia, kaka, Blandina alipolia nilifurahi zaidi kidogo kuliko ilivyofaa. Basi tuombeane.

Nimekusamehe. Usijibu, weka pumzi zako. Kesho ni Ijumaa Kuu yenu, nakuja na gari la mwanzo. Wakikubeba siku ya Pasaka, nitakwenda ubavuni mwa kiti. Ndani sitaingia. Nitakungoja mlangoni, na ukitoka, nishike mkono mbele yao.

Pacha wako,
Doto