Mguu wa Mama na Kazi Zako za Misuli

Kasongo, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Dady,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Lubumbashi? Unalala vizuri, unakula? Najua unakula, maana katika kila picha unayotuma una yai mkononi. Sisi huku ni wazima kiasi. Mvua imekatika, mpunga umekwisha kuvunwa, na kaka yetu Théophile anakohoa kama kawaida yake na kuapa kwamba si tumbaku. Habari za Mama ni ndefu, nitazifikia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Barua hii anakuletea Abdallah, yule mfanyabiashara wa mawese anayepitia Kongolo. Mpokee vizuri, na tafadhali usimshauri lolote kuhusu tumbo lake. Amelitafuta kwa miaka mingi.

Barua yako nimeisoma. Unasema umechoka kuwa kocha wa mtu mmoja mmoja, kuwahesabia wake za matajiri wakichuchumaa na kuinuka, na kwamba ujuzi wako wa mwili na chakula unaweza kukufungulia milango mingine. Ukaniomba mimi dada yako nikuambie mlango upi. Umeomba mwenyewe, basi usinune.

Kwanza hicho chumba cha mazoezi unachotaka kufungua hapa Kasongo. Dady, umesahau ulikozaliwa? Simama njiani asubuhi uwatazame wanawake wanaorudi na kuni, muhogo na mtoto, vyote kwa safari moja. Watazame vijana wanaosukuma baiskeli za mizigo kutoka Kabambare, kwenye njia ambayo hata pikipiki zinaililia. Hao ndio utawaita waingie ndani wakulipe ili wainue chuma, kisha wakirudishe pale pale kilipokuwa? Watakuonea huruma. Watafikiri umerogwa huko mjini.

Kisha unga wa kupunguza mwili. Hapo nilicheka mpaka wifi yangu Naomie akaja kuona kuna nini. Naomie huyo mwaka jana alirudi kutoka Kindu amepungua kidogo tu, na kabla hajatua mzigo wake kikundi cha sala kilikuwa kimejaa uani kumwombea. Hapa kwetu mtu akikuambia umenona, unamkaribisha chakula. Na ukimwambia mke wa mtu kwamba tumbo lake limezidi, mume wake atakuja kukuuliza umelionea wapi. Unga wako tutaupaka ukutani kama chokaa.

Mshauri wa chakula tumekwisha kumpata, ahsante. Alitoka katika shirika fulani, akawaonyesha wamama picha za mayai na mapapai. Wamama walikuwa wamekaa mbele yake na mayai na mapapai ndani ya vikapu, wakienda kuyauza. Akawaambia ni mazuri kwa watoto. Wakapiga makofi, wakanyanyua vikapu, wakaenda sokoni. Ukitaka kuja kuwa wa pili, njoo, makofi yapo. Ila hiyo mboga ya kijani uliyotuma picha yake uiache huko. Naomie alisema ni mti.

Na timu ya mpira unayotaka kuipa pumzi, haikosi pumzi. Inakosa mabao.

Sasa Mama. Unajua kwamba alianguka na pikipiki akitoka matangani kule Wamaza, na kwamba mfupa wa paja ulivunjika. Yaliyofuata huyajui, maana hukuuliza. Mfupa ulishika vizuri. Daktari alisema wazi kwamba sasa aanze kusimama na kutembea kidogo kidogo. Théophile alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili, kisha akambeba Mama mgongoni mpaka kitandani. Tangu siku hiyo amekataza mguu wake usiguse chini.

Unawajua watu wetu. Mama mwenye watoto wakubwa akionekana anajikokota uani na fimbo, hakuna atakayeuliza habari za mguu. Watauliza watoto wako wapi. Kwa hiyo hapa ni mashindano ya kumkalisha. Naomie anamwogesha, anamgeuza, anamlisha kwa kijiko, na Mama hakuvunjika mkono. Mashangazi wanatoka Kabambare kuja kumtazama alivyotulia, wanasifu, wanasema mama yetu Victoire kweli amezaa, wanakula kuku wetu na kuondoka. Nikisema asimame, wananitazama kama ninayetaka kumrudisha shambani. Na paja lake, Dady, limekuwa kama mkono wangu. Mama yetu, aliyekuwa akitwanga peke yake mpunga wa nyumba nzima, anakauka kwa heshima, na hao wajinga wanaita hayo malezi.

Wewe nawe, katikati ya hayo yote, ukatutumia video. Mke wa tajiri, amevaa nguo ya kubana, anainuka kwenye kiti na kukaa, anainuka na kukaa, na wewe filimbi mdomoni kama polisi wa njia panda. Nilimwonyesha Mama kwa sababu tu alikuwa na hamu ya sura yako. Alitazama, akaniambia nirudishe mwanzo. Akatazama tena, uso umekunjika. Dharau yangu mimi nimeirithi kwake, sikuiokota.

Akasema, "Huyu mwanamuke iko na magoti yote mbili muzima, na analipa mutoto wangu amufundishe kuinuka kwa kiti?"

Nikamwambia ndiyo, analipa vizuri.

Basi akatupa blanketi. Akashusha miguu, yote miwili, akaniwekea mkono begani na mwingine akaukaza kwenye mwimo wa mlango ulio kando ya kitanda. Naomie alitoka mbio kumwita Théophile kana kwamba nyumba inaungua. Mama akainuka. Polepole, goti linatetemeka mpaka nikalisikia kwenye bega langu, lakini aliinuka, akasimama juu ya mguu wake, akaitazama kwa jeuri ya mtu aliyeshinda ile simu niliyoishika. Nililia, siwezi kukuficha.

Kisha jeuri ikamtoka. Akautazama mguu, akanitazama mimi. Akauliza, "Na kisha? Tunafanya namna gani kisha ya hapa?"

Sikujua. Nilitazama video, lakini video inaishia hapo, pale unapogeuza simu ili utuonyeshe mikono yako. Nikamkalisha, kwa kuogopa nisije nikamvunja tena. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza, nami namdanganya kwamba nakungojea wewe ujibu. Naogopa, Dady. Nikikosea ataanguka, na nikiacha, Théophile na heshima zake watamweka pale mpaka siku ya kumtoa kwa machela.

Mwisho kabisa wa barua yako, chini ya jina lako, uliongeza kwamba hospitali moja huko inawachukua makocha na kuwafundisha kazi ya kuwarudishia mwendo watu waliovunjika. Ukasema si kazi ya mtu wa kiwango chako, ni kushika miguu ya wazee tu. Mlango wa maana ni huo peke yake, na ndio uliotemea mate. Mguu mmoja wa mzee uko hapa. Ndio uliokubeba mgongoni kwa Mama mpaka zahanati ulipokuwa na surua, kwa hiyo sijui kiwango chako ni kipi ambacho huo haukifikii. Kajifunze. Na kabla hujaenda kujifunza, uliza kwa wanaojua hatua inayofuata, ututumie. Wewe kaa nje ya picha.

Théophile anakusalimu, hajui nilichoandika. Naomie anakusalimu na anauliza kama ule mti unapikwa na mawese. Nisalimie Chimène wako, mwambie sisi hatujamsahau, na asikubali kunywa ule unga.

Mama hakutumii salamu. Hivi ninavyoandika ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, amemkatalia Naomie asimlaze. Anasema atakusalimu akisimama.

Mungu akulinde huko uliko, na mahali alipokupa misuli akuongezee akili.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Dada yako Odile