Uwanja wa Mama Katikati ya Migomba

Alhamisi. Julai yetu ya Meru: ukungu umeshuka mpaka paa la jiko, mlima haupo, na nimevaa koti nililonunua ugenini kwa ajili ya kujionyesha. Leo angalau linafanya kazi ya koti.

Niseme mapema kabla huzuni haijaniwahi. Sidhani kuna mtu mwenye bahati kama yangu, kuanzia Nduruma kule chini mpaka huku kwetu Nkoaranga. Wenzangu wanasomea urubani na wazazi wao wanaambulia picha za kwenye simu. Mimi, kitu cha mwisho ambacho mama yangu alikiona vizuri kwa macho yake, kabla giza halijaanza kumla, ni mimi mwanawe nikipita na helikopta juu ya nyumba yake. Nikazunguka. Nikazunguka tena. Majirani ni mashahidi.

Nitajie rubani mwingine mwenye bahati hiyo.

Kwa mgeni wa blogu hii: naitwa Eli, ila kuanzia lami mpaka kanisani wananiita Kapteni, na sijawahi kumkataza mtu. Shule niliipita kama mtu anayekatiza sokoni akiwa na haraka zake. Cheti cha kidato cha nne mama alikiweka chini ya godoro, na si kwa sababu kilikuwa cha thamani. Nikaendesha watalii porini, nikajua kuwasalimia kwa lugha zao na kuwachekesha kwa ya kwangu, mpaka siku moja mgeni mmoja mzee, mwenye helikopta zake huko kwao, akaniambia naendesha gari kama mtu anayeona ardhi inamchelewesha. Akanipeleka Afrika Kusini kusomea helikopta. Hivyo tu. Si nimesema nina bahati.

Na mikono yangu inaijua kazi, hilo nalisema bila aibu. Kuisimamisha helikopta hewani pale pale isiyumbe, wenyewe wanaita kuhova, ni sawa na kubeba ndoo ya maji kichwani huku umesimama juu ya mpira. Wenzangu walitapika. Mimi niliimba pambio. Mwalimu akipunguza injini kule juu ili tushuke kwa upepo tu, mapanga yakizungushwa na hewa, wengine wanaita mama zao. Mimi moyo wangu hapo ndipo hutulia.

Kinachonishinda kiko mezani. Mitihani ya kuandika. Kule juu nikiliona wingu najua kama nilikwepe au nilipite chini yake. Darasani wanataka jina lake, urefu wake na sababu ya kuzaliwa kwake, kwa Kiingereza, na saa inatembea. Bila mitihani hiyo hupati leseni ya biashara, na bila leseni ya biashara hakuna mtu Arusha nzima atakayekukabidhi helikopta, hata ya kuiosha vioo.

Basi. Leo nilimpeleka mama mjini kwa daktari wa macho.

Ana presha ya macho. La kulia limeshafunga. La kushoto limebaki na mwanga kidogo katikati, anasema ni kama kuchungulia kwa tundu la funguo: akikutazama anaona pua, halafu anaanza kuutafuta mdomo. Nilipofika wiki iliyopita alinishika uso mzima kwa viganja, taratibu, kama anayechagua parachichi. Akasema nimekonda. Sijakonda.

Kwenye benchi la kusubiri alikuwa na raha utafikiri tumekuja harusini. Kila aliyekaa karibu alipewa habari.

"Huyu hapa ndiye rubani wangu," akamwambia mzee mmoja aliyefungwa bandeji jicho moja. "Mwaka jana alipita juu ya nyumba yangu na helikopta. Akazunguka mara mbili."

Mzee akanigeukia na lile jicho lake lililobaki. "Shikamoo" yangu aliipokea, halafu akaniangalia viatu. "Rubani, na mama umemleta na gari la Noah?"

"Helikopta iko gereji, mzee," nikasema. "Imepata pancha."

Benchi zima likacheka. Mama alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Niliangalia ile ncha ya kitenge, nikatamani tungerudi nyumbani hapo hapo, tukiwa bado tunacheka.

Ndani, daktari alikuwa binti mdogo, mpole, wa kumwita mama yangu "bibi" bila kujilazimisha. Akammulika, akampima, akamrudisha kwenye kiti. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa. "Bibi, mara ya mwisho kuona vizuri, vizuri kabisa, ilikuwa lini?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Siku mwanangu alipopita juu."

Daktari akanitazama mimi, akingoja nimfafanulie. Kitabibu alihitaji mwezi. Nikamtajia mwezi. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliyeko chumba cha pili.

Alichosema baadaye alikisema kwa upole, ila upole haubadilishi maneno. Kilichokwenda kimekwenda. Dawa ya matone ni ya kulinda huo mwanga uliobaki, na nao hauna muda mrefu. Mama akamshukuru. Akamuuliza kama ameolewa.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, akasema tu, "Basi itabidi uwahi, baba."

Nilijua anachozungumzia. Uwanja.

Ngoja niueleze, maana hili jambo halieleweki kwa mtu asiyetoka kwetu. Siku ile ya helikopta, mama alinipigia simu akihema kama aliyetoka kukimbia. "Nimekuona. Nimekuona kabisa. Lakini mbona hukushuka?" Na mimi, kwa mdomo wangu huu ambao Mungu aliusahau wazi, nikajibu, "Mama, ningetua wapi? Migomba imejaa kote."

Nilitania. Ni jibu la mtu anayetaka kukata simu akiwa amechekesha.

Mama akachukua panga.

Kwetu mgomba haukatwi kabla haujazaa. Unaungoja, unauegemeza nguzo, unavuna mkungu, ndipo unakata. Ukikutwa umeangusha mgomba wenye mkungu mchanga, watu watakuuliza una ugomvi na nani. Mama aliangusha yote iliyokuwa kati ya nyumba na kaburi la baba. Yenye mikungu, isiyo na mikungu, na kahawa chache alizopanda baba mwenyewe. Dada yangu Upendo, anayeishi naye, alikwenda kuchota maji na kurudi akakuta anga limeingia shambani. Wazee wa ukoo wakamwita mama ajieleze. Akawaambia, "Natengeneza pa kumpokea mwanangu." Wakamwuliza kama haogopi kelele za helikopta karibu na kaburi la mume wake. Akasema marehemu alilalamikia joto maisha yake yote, apate upepo.

Upendo alinisimulia yote hayo kwenye simu, na mimi nikacheka. Nilikuwa mbali. Ukiwa mbali kila kitu cha nyumbani ni hadithi.

Wiki iliyopita nikauona. Duara kabisa, kama limechorwa kwa kamba. Visiki vimeng'olewa, mawe yameokotwa na kupangwa pembeni, nyasi fupi. Anauparura mwenyewe mpaka leo kwa kupapasa, amepiga magoti, mkono mmoja unatangulia na mwingine unafuata na jembe dogo.

Na haya ndiyo ninayoyajua mimi peke yangu, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojifunza sawasawa: pale hapatuliki. Ni mteremko. Mapanga yangekula ukingo wa juu kabla chuma cha chini hakijagusa nyasi. Kuna waya wa umeme unaokwenda kwa jirani. Kuna mti mkubwa wa mringaringa upande ambao upepo unatoka. Hata rubani aliyezaliwa na mabawa hatui pale. Amekata chakula chake na kahawa ya mume wake, akatengeneza uwanja mzuri kuliko vyote nilivyoviona, na hakuna helikopta itakayokaa pale kamwe.

Sijamwambia. Ningemwambiaje.

Jioni hii, baada ya kula loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando, na baada ya mimi kujifanya nimeshiba ili yeye aongezewe, akaniomba nimpeleke uwanjani. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata mimi mwenye macho nilikuwa naona nusu. Tukasimama katikati. Akanishika mkono juu ya kiwiko, kama ninavyowashika abiria wazee wanapopanda gari.

"Niambie," akasema. "Kule juu, siku ile, ulinionaje?"

Nikaanza. Mimi kusimulia sishindwi. Nikamwambia nilitokea upande wa msitu, nikaiona barabara kama uzi, nikaliona paa letu na lile bati moja jipya. Nikamwambia nilimwona amesimama mlangoni mwa jiko, mdogo kama punje, anapunga. Alikuwa ametabasamu na uso ameuinua, kama vile maneno yangu ni mvua.

"Na nilikuwa napunga nini?"

Kuna mtihani nimewahi kufeli kwa kuchelewa kujibu. Huu sikuchelewa. "Kitenge, mama."

"Rangi gani?"

"Chekundu."

Mkono wake haukulegea. "Ndiyo, baba," akasema. "Chekundu. Twende ndani, utapata mafua na hilo koti lako la maonyesho."

Nikamlaza. Nikaenda jikoni kwa Upendo, anaosha vyombo. Nikamwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba mama bado ana kumbukumbu nzuri, hata kitenge chekundu anakikumbuka. Upendo hakugeuka.

"Kitenge kipi? Siku ile alipunga ungo. Alikuwa anapepeta maharage, akatoka nao mbio, maharage yote yakamwagika, tukayaokota mpaka tukachoka."

Nikamwuliza kama ana uhakika.

"Kapteni," akasema, "mimi ndiye niliyeokota."

Nimekaa hapa mezani na simu, naandika. Chumba cha pili mama anakohoa, ananyamaza, anakohoa. Najiuliza kama amesahau ungo wake au kama alinipa jibu ili nisianguke pale uwanjani, mbele ya kaburi la baba. Na kama alinisaidia, ameanza kunisaidia lini? Alipokuwa akiwaambia watu wa benchi? Alipomjibu daktari? Leo asubuhi ameamka kabla yetu sote kuparura nyasi. Mtu anaparura nyasi za uwanja ambao anajua hakuna helikopta itakayotua?

Jumapili narudi shule. Mitihani iliyobaki haitaungoja ule mwanga wa tundu la funguo, na mwanga hautaingoja mitihani. Hilo hata mimi niliyeshindwa hesabu naliona. Kesho asubuhi nitamwamkia, nitapiga magoti pembeni yake na jembe la pili, na nitamwambia akiwa na kazi mikononi. Nimeona ni vizuri niandike hapa kwanza, mbele ya watu, nisije nikapata mzaha mwingine njiani.

Siku ile sikuwa angani. Nilikuwa darasani Afrika Kusini, nimeinamia meza, narudia mtihani wa mawingu niliokuwa nimeufeli. Nikaufeli tena. Mama alipopiga simu kusema ameniona, sikumsahihisha. Helikopta ile sijui ilikuwa ya nani wala ilitafuta nini. Aliyekuwa ndani alimwona mwanamke na ungo, akazunguka mara ya pili, labda kwa adabu tu. Kitu cha mwisho mama yangu alichokiona vizuri duniani ni mtu tusiyemjua.

Mimi hajawahi kuniona nikiruka.