Nani Kamwambia Daktari Ninakoroma?

Mama Neema,

Hapa Tlawi ukungu unaingia hadi jikoni, na kaka yako ananipa chai bila sukari, eti imeisha. Leo amenipeleka zahanati kupima kisukari. Daktari, kabla ya kipimo, akaniuliza kama ninakoroma. Nikajua umempigia simu. Akasema ubongo usiopumzika kwa sababu ya kukoroma hupandisha sukari mwilini na kutamani vitamu.

Njiani nikamuuliza kaka yako, "Dada yako amesema nini kwa daktari?"

Akasimama. "Ni mimi, shemeji. Juzi ukiwa usingizini uliacha kupumua. Nilikutikisa nikidhani umekufa."

Nisamehe kwa kukushuku. Nikirudi, usihamie tena chumba cha watoto kwa sababu ya kelele zangu. Ogopa zikinyamaza.

Wako, Baba Neema