Umalizio wa Boma Letu

Embu, 11 Juni 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumaini mguu wako umepona. Naandika barua kwa sababu kwenye simu unanijibu mambo ambayo sikukuuliza. Najua masikio yamekwisha, usinifiche.

Nina jambo la kukiri. Hapa chuoni ninapofanya kazi tulipokea wageni, Wamarekani weusi, na mkubwa wangu akaniomba niwapigie ngoma ya kwetu. Wewe ulisema ngoma si ya msichana. Lakini kuna mlio mmoja niliouiba nikiwa na miaka saba, nimejificha nyuma ya ghala. Nikaupiga huo. Wazee wawili wa huko kwetu wakasimama, wakavua kofia, na mmoja akaniuliza, "Ni nani ameaga, mama?" Niliona aibu sana. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akilia. Aliniambia babu zao walinyang'anywa ngoma utumwani, wakabaki kuongea kwa makofi na kukanyaga sakafu.

Baba, nilipiga nini?

Binti yako,
Ntinyari


Nkubu, 20 Juni 2024

Kwa binti yangu,

Habari za huko? Mguu uko sawa, na ng'ombe amezaa. Nilicheka uliposema uliiba, halafu nikaisoma barua tena.

Ulipiga mlio wa kutangaza kifo. Ni ule niliompigia mama yako, nawe unajua nusu yake tu. Mzee hutangaza, kisha mtoto wa marehemu huitikia, ndipo anayekwenda ajue ameruhusiwa. Mama yako hakuitikiwa. Mdogo wako Gikunda alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, nawe nilikufukuza kwa kuwa ni msichana, hata sikukuambia mlio ule ni wa nini. Nimejuta miaka thelathini. Sasa Gikunda anasema ngoma ni ya shetani na haigusi.

Njoo nikufundishe kuitikia, usije ukanizika kimya. Sitasikia, lakini nikiweka kiganja kwenye ngozi nitajua ukikosea.

Baba yako


Embu, 3 Julai 2024

Kwa Baba,

U hali gani? Nimeisoma barua yako mara nyingi, na furaha imenitoa machozi. Mitihani imeanza na ruhusa hakuna. Agosti nitakuja bila kukosa. Kula vizuri, usiruke chakula cha mchana.

Binti yako


Nkubu, 9 Septemba 2024

Kwa binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi kifua kinanisumbua kidogo. Agosti imepita, sikulaumu, kazi ni kazi. Kila asubuhi nilianika ngoma juani ngozi ikaze, nikisema leo atafika.

Acha nikuandikie. Mkono wa kulia mara mbili, kwa uzito. Wa kushoto mara tatu, polepole. Halafu unanyamaza mpaka kimya kikuume. Rudia mara nne. Kisha kuna umalizio, na kila boma lina wake. Wa kwetu hakuna mwingine anayeujua, hata Kaberia, mpiga ngoma mwenzangu. Nimejaribu kuuandika nikachana karatasi tatu. Mikono inaujua, kalamu haiujui. Njoo nikuonyeshe.

Baba yako


Nkubu, 28 Septemba 2024

Kwa Baba,

Leo sikuulizi hali. Nimeketi jikoni kwako, barua zangu nimezikuta chini ya mto wako. Gikunda alinipigia simu Jumanne, na nilipofika ulikuwa umeshafunikwa.

Leo tumekuzika. Mzee Kaberia alitangaza. Nikakaa na ngoma nikapiga kama ulivyoandika, mara nne, na kile kimya kila mara kilikuwa kirefu. Kisha mikono yangu ikasimama. Watu wakangoja. Sikuwa na kitu cha kupiga, Baba, na nilitamani ardhi inimeze.

Nikamkumbuka yule mama mgeni. Nikaweka ngoma chini, nikaanza kupiga makofi na kuukanyaga udongo kando ya kaburi lako. Wamama wa kanisa wakanifuata, makofi wanayajua. Gikunda alikuwa amesimama mbali na Biblia yake. Mwishowe naye akakanyaga.

Sijui kama tulikufikisha. Nisamehe kwa Agosti. Kama umeruhusiwa, nenda, na umwambie mama kwamba watu walipoondoka nilianza tena, nikamwitikia na yeye.

Mtoto wako