Maharage Nimeyahamisha

Mama, shikamoo. Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye sufuria ya maji. Bandika saa sita. Maharage nimeyahamishia kwenye turubai sebuleni, kwa sababu mikeka yangu ya mazoezi nimeondoka nayo.

Asubuhi niliporudi kutoka kufundisha mazoezi kwenye uwanja wa Njiro nimelowa, na katika wateja wangu wanane hakutokea hata mmoja, nikakuta umeanika maharage barazani juu ya mikeka hiyo niliyokuwa nimeiacha kwa sababu ya mvua. Ukasema, "Si haina kazi mpaka masika yaishe?" Nikaingia chumbani. Hukukosea, ndiyo maana iliniuma. Nilishaanza kufikiri nifunge biashara, niende ile kazi ya ofisini kwenye shamba la maua.

Lakini ulipotoka kukata majani ya ng'ombe, jirani yetu Mama Anaeli alibaki akichambua maharage na kulalamikia mgongo. Nikatoka, nikamwonyesha namna ya kuunyoosha akiwa hapo hapo kwenye kigoda. Aliinuka bila kushika ukuta. "Kumbe huko chuoni ulisoma kitu," akasema, akampigia simu mchungaji kuniombea ukumbi.

Basi leo saa kumi naanza darasa la akina mama wenye shida ya mgongo na magoti, kwenye ukumbi wa usharika. Pale kuna paa, mvua inyeshe tu.

~~Usije, nitaona aibu.~~

Njoo. Mkeka mmoja nimekuachia hapo nyumbani, nyuma ya mlango. Huo sijaukung'uta, maharage yaliyobaki ni yako.

Kitinda mimba wako