Kadi ya Mtungi

Mpwa wangu mpendwa,

Kuna jambo la marehemu mama yako ambalo nimekuficha miaka arobaini, na daktari amenishauri nisiahirishe mambo.

Kwanza habari za hapa. Miguu imegoma kabisa, ila chakula bado kinapita. Siku ya Jumanne mjukuu wangu alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi makumbusho ya chuo kikuu, nilikofanya kazi mpaka nikastaafu. Kuta wamezipaka rangi upya. Tulisimama mbele ya mtungi mwekundu wenye shingo ndefu, akaisoma kadi yake: "Mtungi wa kale. Mfinyanzi hajulikani."

"Babu, huyu Hajulikani alikuwa hodari," akasema. "Kila chumba ana kazi yake."

Mlinzi akacheka. Mimi nilishindwa.

Kadi ile niliiandika mimi. Mtungi aliufinyanga mama yako, uani kwetu, nami nikimtazama. Chuo kilitaka vitu vya kale tu, na mimi nilitaka sifa ya kuvumbua. Mpelekee mkuu wa makumbusho barua hii, abadilishe kadi, aandike jina la mama yako.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Siku ya ufunguzi mama yako alikuja, amevaa nguo yake nzuri. Kusoma hakujua, unakumbuka. Akaninong'oneza, "Kaka, wameandikaje hapa?"

Nikaweka kidole juu ya neno "hajulikani", nikamsomea jina lake.

Mjomba wako